Tusikilize kwanza kwa spika moja

Sisi tunaotengeneza vipindi vya Kiswahili huku ughaibuni tunachanganya sauti tukiwa na hedifoni nzuri masikioni, tunaridhika, tunarusha. Msikilizaji wetu nyumbani ana redio ya betri au simu yenye spika moja, tena ndogo. Tumemfikiria?

Spika hiyo haitoi besi, hivyo kinachobaki cha muziki ni kile kinachogombana na maneno. Lililo baya zaidi ni hili: sauti iliyorekodiwa kushoto na kulia, mawimbi yake yakiwa kinyume, ikiunganishwa kuwa mono hujifuta yenyewe. Shahidi aliyehatarisha maisha yake kuzungumza nasi anatoweka, muziki wa kufungulia unabaki!

Wakubwa wa fani wanalijua hili zamani. Bruce Swedien, aliyechanganya albamu ya Thriller ya Michael Jackson mwaka 1982, alitegemea sana spika ndogo za Auratone. Sisi redio kuukuu inatutosha. Tubonyeze mono, tuache spika moja tu, si mbili, tupunguze sauti, kisha tusikilize tukiwa chumba cha pili huku maji yanachemka jikoni. Shahidi asiposikika hapo, kipindi kirudi mezani, hata kama saa ya kurusha imefika.