Mwanamke wa Majini na Mkoba wa Mume

Rumonge ni mji wa wavuvi na wa michikichi, kusini ya Bujumbura, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi wa ndagala huenea majini. Mahali wanaume wanapokesha mbali na wake zao hapakosi hadithi ya mwanamke mzuri atokaye majini kuwapoteza.

Ng'ambo ya ziwa, nchini Kongo, huitwa Mambamuntu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi walimchora kwa wingi, nusu mtu nusu samaki, na picha zake zikatundikwa vyumbani. Husemwa kwamba apataye nywele zake hutajirika, mradi aitunze siri.

Mwenziwe wa Afrika Magharibi ni Mami Wata. Picha yake iliyoenea sana ilitokana na tangazo la maonyesho lililopigwa chapa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880. Aliyechorwa hakuwa pepo; alikuwa mwanamke mchezesha nyoka, aliyepata riziki kwa kutazamwa. Mwaka 1955 picha ile ilipigwa chapa tena Bombay, ikaletwa Afrika kuuzwa. Hivyo mtumbuizaji wa jukwaani akaingia majumbani, hata madhabahuni.

Askari nao wamjue Mata Hari, Mholanzi aliyewachezea matajiri wa Paris tangu mwaka 1905, akivua nguo moja moja. Vita vilipokuja, Wafaransa walimshitaki kwa ujasusi, wakampiga risasi tarehe 15 Oktoba 1917, ingawa ushahidi ulikuwa dhaifu. Mwaka 1931 Greta Garbo alimwigiza katika sinema, na ulimwengu ukazidi kumkumbuka kuwa mlaghai. Maofisa waliomfuata kwa hiari yao hawakupewa jina lolote.

Jambo hili lina maana nyumbani. Mshahara unapoishia kilabuni, ni rahisi kusema kwamba mcheza ngoma fulani amemroga baba watoto. Lakini mkono uliofungua mkoba ni wa nani? Mcheza ngoma yuko kazini kama mvuvi, naye huenda ana watoto wanaongoja unga. Mke mwenye busara hamlaani mwanamke mwenziwe. Humwuliza mumewe hesabu ya mwezi. Na mume muungwana huitoa bila kuwasingizia majini.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanamke mlaghai wa hadithi naye ameundwa, na walioshika randa ni watazamaji wenyewe.