Hukumu Tamu, Utekelezaji Mchungu

Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Leo hebu tuipime methali hiyo kwa kisa cha Waogiek wa msitu wa Mau.

Mnamo Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 wahame, ati msitu ni chemchemi ya maji na sharti uhifadhiwe. Je, raia akikosana na serikali yake mwenyewe, akimbilie wapi?

Malalamiko yao yalifika kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Banjul, Gambia. Mwaka wa 2012 Tume hiyo iliifikisha kesi katika Mahakama ya Afrika mjini Arusha. Waogiek hawangeweza kubisha hodi Arusha wenyewe, kwani Kenya haikuwa imetoa tamko la kuwaruhusu raia kuishtaki huko moja kwa moja.

Mei 26, 2017, majaji waliamua kwamba Kenya ilivunja haki zao za ardhi, dini na utamaduni. Tena wakasema si Waogiek walioumaliza msitu. Juni 23, 2022, mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh157.85 milioni na wapewe hati ya kumiliki ardhi kwa pamoja.

Utadhani mambo yakaishia hapo. Wapi! Novemba 2023, familia za Waogiek zilifurushwa tena na nyumba zao kubomolewa.

Sababu ni kwamba mahakama hiyo haina askari wala jela. Serikali ikikaidi, inachoweza ni kuishtaki kwa viongozi wa Umoja wa Afrika. Hapo ndipo siasa inaposhika usukani. Kule Geneva, kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa huhojiwa na wenzake kuhusu haki za binadamu kila baada ya miaka minne na ushei. Silaha yao kuu ni aibu tu, lakini hakuna serikali inayopenda kuaibishwa mbele ya majirani.

Kwa hivyo mzazi, mwanao akikuuliza hukumu isiyo na askari ina faida gani, usimkatize. Mwambie inampa mnyonge karatasi ya kushika mkononi anapodai chake. Kisha mbunge wenu akija kuomba kura, mwulize: ile ya Arusha mmeitimiza?