Sauda Ana Kosa Gani?

Mwaka jana dada yangu alijifungua mtoto wa kike. Nyumba nzima ikajaa majina ya vito: Ruby, Pearl, Jade! Nyanya akapendekeza Sauda, jina la marehemu mamake. Shangazi akaangua kicheko: "Mama, hilo maana yake ni mweusi! Mtoto atachekwa shuleni." Nyanya akanyamaza kimya. Roho iliniuma.

Hebu tufikiri pamoja. Pearl si lulu tu? Ruby ni yakuti nyekundu, nayo inachimbwa hapa hapa kwetu, Taita-Taveta. Huko huko hupatikana kito cha kijani kiitwacho tsavoraiti. Wenye duka la Tiffany, New York, ndio waliokiita hivyo mwaka wa 1974, kutokana na Tsavo yetu. Jamani! Wageni wanapamba kito kwa jina letu, nasi twayakimbia majina yetu!

Sipingi majina ya vito wala rangi. Lulu na Johari ni matamu, na kila mtu anayaelewa. Ninalopinga ni kuona nyekundu na nyeupe ni pambo, bali nyeusi ni aibu. Sauda ni jina la heshima. Mmoja wa wake za Mtume Muhammad aliitwa hivyo. Tena tukilicheka jina la mweusi, tunamcheka nani kama si sisi wenyewe?

Hatimaye mtoto aliandikishwa Ruby. Lakini mimi na nyanya twamwita Sauda, naye hugeuka akatabasamu.