Sauti Moja na Nyuzi Chache

Kila mwenye redio anaijua ngoma ya Burundi. Ngoma hiyo, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, husikika toka kilima kimoja hadi cha pili. Lakini upo muziki mwingine wa nchi hii, mpole zaidi, unaomtaka msikilizaji asogee karibu: muziki wa mtu mmoja na inanga yake.

Inanga ni ubao mrefu uliochongwa mfano wa hori. Uzi mmoja wa mishipa ya ng'ombe hupitishwa huku na huku juu yake, ukafanya nyuzi kadhaa. Mpigaji huzidonoa kwa vidole huku akinong'ona maneno. Mnong'ono hauna mlio, maana koo halitetemi. Hata hivyo msikilizaji huwa tayari kuapa kwamba mtu yule anaimba. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Cornelia Fales, aliieleza siri hiyo katika miaka ya 1990: mlio wa nyuzi na mnong'ono huungana sikioni, hata mtu akadhani kwamba vyote viwili vyatoka kinywani.

Ng'ambo ya bahari, Weusi wa kusini ya Marekani, wajukuu wa watumwa, walikuwa na desturi iliyo jirani na hiyo. Mtu mmoja alishika gita, akaimba habari za mashamba ya pamba, za safari, za njaa na za mapenzi. Muziki huo huitwa bluzi ya mashamba. Blind Lemon Jefferson, kipofu wa Texas, alipata sifa kwa santuri zake kuanzia mwaka 1926. Robert Johnson alirekodi kwa siku tano tu, katika miaka ya 1936 na 1937, akaacha nyimbo 29. Mwaka 1938 alifariki, naye ana miaka 27. Laiti siku hizo tano zisingalikuwapo, dunia isingalimjua.

Lakini mwenye mafunzo makubwa kwetu sote ni John Hurt, mkulima wa Mississippi. Alirekodi mwaka 1928. Santuri zake hazikununuliwa sana, naye akarudi shambani. Miaka 35 ikapita. Katika wimbo mmoja alikuwa amekitaja kijiji chake, Avalon. Mwaka 1963 kijana mmoja mpenda santuri za zamani alilisikia jina hilo, akalitafuta katika ramani, akaenda, akamkuta mzee angali hai. Hurt alipiga gita mbele ya maelfu ya watu hadi alipofariki mwaka 1966. Jina la kijiji ndilo lililomrudisha.

Burundi nayo ina mifano miwili inayopingana. Mwaka 1967 Wafaransa walirekodi muziki wa nchi, nao ukatolewa katika santuri ya Ocora. Mwaka 1971 sauti ya ngoma za santuri hiyo ilichukuliwa Ulaya, ikaongezewa piano na gita, ikauzwa kwa jina la "Burundi Black". Jina lililoandikwa juu ya santuri hiyo halikuwa la mpiga ngoma hata mmoja. Kwa upande mwingine, katika santuri ya Nonesuch ya mwaka 1974, iliyorekodiwa na Giuseppe Coter, yumo mnong'onaji wa inanga François Muduga, na jina lake limeandikwa. Wa kwanza walichukuliwa sauti wakaachwa bila jina. Wa pili anatajwa hata leo.

Basi, askari aliyehamishwa kutoka Gitega kwenda Muyinga, akarudi likizo na simu mfukoni, anaweza kuwatendea wazee wake haki hiyo. Yafaa kuzingatia haya:

1. Mzee aombwe ruhusa kwanza, aelezwe sauti yake itawekwa wapi na nani ataisikia.

2. Pachaguliwe chumba kimya. Simu iwekwe karibu na kinywa na nyuzi, kwa sababu mnong'ono hufunikwa upesi na kuku, watoto au mvua ya bati.

3. Kabla ya wimbo, mzee ajitaje jina, kilima chake, mwaka, na mtu aliyemfundisha.

4. Asikatizwe. Hata kukaza nyuzi ni sehemu ya elimu yake.

5. Nakala ziwe mbili, mahali pawili, kwa sababu simu huibwa na huanguka majini.

6. Sauti isiuzwe wala isitangazwe bila idhini yake.

Kazi hiyo haichukui zaidi ya jioni moja. Mama wa nyumba anaweza kuiandaa, na mtoto ajuaye kusoma anaweza kuandika majina katika daftari. Likizo ijayo isipite kabla jina la mzee na la kilima chake halijaandikwa.