DAWA YA NGUZO IJARIBIWE KWANZA, HATUNUNUI MANENO

Ndugu Wanaushirika,

Nguzo za ghala letu kila mtu ameziona: juu nzima, chini unga mtupu. Nguzo huoza pale pale inapoingia ardhini, penye unyevu na hewa, na mchwa wako mlangoni.

Sasa amekuja mfanyabiashara na dawa mpya. Anasema ni ya shaba, haina aseniki, wewe paka tu, nguzo itakaa miaka 30. Na wako wenzetu wanaotaka fedha za ushirika zitoke wiki hii hii! Sisi tunauliza: kama dawa ni mpya, hiyo miaka 30 ameihesabu lini?

Dawa ya zamani ya shaba, kromiamu na aseniki ilibuniwa India mwaka 1933. Mchwa iliwashinda kweli, lakini aseniki ni sumu. Marekani waliacha kuitia kwenye mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003. Kwa hiyo dawa mpya hatuzipingi. Lakini upo ukungu wa mbao unaoivumilia shaba. Tena dawa ya kupaka kwa brashi hukaa juu juu. Kiwandani huisukuma kwa mashine mpaka ndani ya mti.

Huko Ulaya hawaamini mdomo. Huchukua vigingi vya sentimita 50, vyenye dawa na visivyo na dawa, wakavifukia nusu ardhini na kuvikagua kila mwaka, si chini ya miaka 5.

Na sisi tufanye hivyo. Vigingi 20 vya mti mmoja, 10 vipakwe, 10 visipakwe, vyote nyuma ya ghala kwenye mchwa wengi. Kila mwaka ving'olewe mbele ya wanachama, vichomwe kisu, iandikwe daftarini. Dawa ya majaribio atoe mwenyewe, kama anaiamini. Ghala kwa sasa tulisimamishe juu ya mawe.

Eti miaka 5 ni mingi! Ghala hili tumelijenga mara ngapi, jamani?

Na wale wanaochanja nguzo kuukuu zenye dawa kuwa kuni, waache leo. Moshi wake ni sumu, na jivu lake ni sumu. Msipikie watoto.

Fedha ya ushirika ni jasho letu. Njooni mkutanoni tuamue.

USHIRIKA NI KAZI, SI MDOMO.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji