KIJIWE CHA WIKI: Mvinyo wa mabibo hautaki pupa

Wiki hii nawapeleka kusini kwenye korosho, niwape kisa cha aibu iliyonikuta mbele ya wakwe. Chekeni, lakini na somo mchukue.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Masasi mabibo yametapakaa chini ya mikorosho, ukikanyaga unateleza. Dada yangu anaolewa Desemba. Mimi, mjanja wa mjini, nikajisemea harusi hii watu watakunywa mvinyo wa mikono yangu. Nikakamua mabibo, nikatia sukari na hamira, nikafunika dumu. Wiki tatu tu, nikajaza chupa kumi na mbili na kuzikaza vifuniko barabara.

Mjomba akapita akitokea Newala. Akainua chupa moja, akaona viputo vinapanda shingoni.

"Mjomba, hiki kitu bado kinapumua. Unakiziba pua ya nini?"

"Usiwe na wasiwasi, mjomba. Huu ni utaalamu."

Utaalamu gani! Siku ya harusi chupa ya kwanza ililipuka mezani, ya pili ikapokea. Kanga mpya ya mama mkwe wa dada ikaloa, na doa la bibo nyote mnalijua, halitoki hata ufue na mchanga. Bahati tu vipande vya kioo havikumpata mtu machoni. Zilizosalimika zilikuwa na ukakasi wa kukunja ulimi, wageni wakaziacha wakarudi kwenye soda.

Chupa moja mjomba aliondoka nayo. Akailegeza kifuniko mpaka ikaacha kupumua, akaikaza tena, akaificha nyuma ya mtungi. Msimu uliofuata nilipopanda Newala akanimiminia. Jamani! Rangi kama asali nyepesi, ukakasi umepotea, harufu ya bibo imetulia. Nikauliza kaweka dawa gani. Akacheka: "Mwaka mmoja."

Kwa hiyo wewe unayetaka kujaribu na huna pipa wala mashine, sikiliza.

ANZA VIZURI
Uraka tunaoujua ni wa kunywa leo na kesho, haukutengenezwa kukaa. Maji ya bibo peke yake yana sukari ndogo, kwa hiyo pombe yake ni nyepesi na huchacha upesi. Wa kuhifadhi uongeze kama kilo moja ya sukari kwa lita kumi za maji ya bibo. Ukakasi upunguze mapema: wanga wa muhogo, kama gramu tano kwa kila lita, upike uwe uji, upoe, uukoroge humo na uache usiku kucha. Asubuhi tope limetuama chini, wewe chota maji ya juu. Wahindi wa Kerala nao hufanya hivyo kwa mabibo yao. Ndipo utie hamira, kijiko kimoja cha chai kwa lita kumi.

Dumu liwe la chakula. Lililobeba mafuta ya taa hata ulioshe mara mia, achana nalo. Ndoo ya bati usiiguse kabisa, maana uchachu wa mabibo unakula bati na ile sumu unakuja kuinywa wewe.

ACHA IPUMUE
Toboa kifuniko cha dumu, pitisha mpira mwembamba, uzibe pembeni kwa nta, ncha ya pili itumbukie kwenye chupa ya maji. Hewa inatoka, inzi na hewa ya nje haviingii. Viputo vikikoma wiki nzima na utamu wa sukari umeisha mdomoni, hapo imemaliza. Kabla ya hapo ukiziba umetengeneza bomu.

Sasa hamisha kwa mpira, dumu la juu kwenda la chini, ukiyaacha mashapo. Usimwage kwa kishindo, hewa ndiyo adui. Rudia baada ya miezi miwili hivi.

HIFADHI
Plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo, hivyo miezi mirefu peleka kwenye chupa za kioo. Jaza mpaka shingoni, maana nafasi kubwa ndani ya chupa ni mwaliko wa siki. Kizibo cha gunzi kinafaa kwa uraka wa siku mbili, siyo kwa mwaka. Chupa ya kifuniko cha kukaza isimame, ya kizibo cha gome ilale ili kizibo kisikauke.

Osha kila kitu kwa maji ya moto. Najua Newala maji ni mali, lakini bora utengeneze chupa nne safi kuliko kumi chafu.

Halafu giza na ubaridi. Juu ya uwanda wa Makonde mna nafuu, usiku una baridi. Masasi kule chini joto ni kali, kwa hiyo chimba shimo ndani ya chumba chenye kivuli, fukia chupa kwa mchanga. Juu ya kabati chini ya bati, utakunywa siki.

Onja baada ya miezi mitatu. Miezi sita inapendeza, mwaka ni bab kubwa. Miaka kumi usingoje, huu siyo wa makasri ya Ufaransa. Ukinusa siki, mpe mama aweke kwenye kachumbari.

TAHADHARI
Asikudanganye mtu kijiweni kwamba njia ya mkato ni kuuchemsha upate nipa. Kutengeneza gongo bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na vileo vya vichochoroni vimeua na kupofusha wengi. Mwaka 2014 jirani zetu Kenya walizika makumi ya watu kwa pombe yenye methanoli. Na ukitaka kuuza hata huo mvinyo, kaulize leseni halmashauri kwanza.

Mimi nina chupa sita mchangani. Mtoto wa dada anabatizwa msimu ujao, na mama mkwe nimemwambia aje na kanga nyeupe. Amesema atakuja na nyeusi.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.