Elimu ya kubashiri farasi haiigeuzi kamari kuwa biashara

  

Ndugu Waislamu, zamani mcheza kamari alijificha. Leo hujitetea, na utetezi wake mkubwa ni elimu. Mzazi anapomwonya kijana wake, kijana hujibu: "Baba, mimi sibahatishi, mimi nachambua." Hoja hii haikuanza kwa wajaza mikeka ya mpira wa miguu. Ilijengwa kwa miongo mingi katika viwanja vya mbio za farasi vya Marekani na Uingereza, na imeandikiwa vitabu vinavyosomwa kama vitabu vya shule. Kwa kuwa vitabu hivyo hupendekezwa hata kwa vijana wetu, ni haki tuviangalie kwa uadilifu kabla ya kuvihukumu.

Mwaka 1968 Tom Ainslie wa Marekani alitoa kitabu kilichomfundisha msomaji kumpima farasi kwa masafa aliyozoea, daraja la wapinzani wake, hali yake ya karibuni, uzito anaobeba na mpandaji wake. Mwaka 1975 Andrew Beyer, mwandishi wa magazeti, akachapisha "Picking Winners". Humo alieleza namna ya kuugeuza muda wa mbio kuwa alama moja ya kasi, baada ya kuzingatia kama uwanja ulikuwa mwepesi au mzito siku hiyo. Baadaye Mmarekani Bill Benter alitumia kompyuta kukokotoa nafasi ya kila farasi katika mbio za Hong Kong, na mwaka 1994 alichapisha maelezo ya njia yake.

Hatusemi kwamba hawa ni wajinga. Kazi yao ina hesabu, subira na uchunguzi. Hesabu yenyewe haina dhambi: barua ambazo Pascal na Fermat wa Ufaransa waliandikiana mwaka 1654 zilihusu mchezo wa kamari, na elimu iliyotokana nazo leo humsaidia daktari kupima dawa. Swali letu ni jingine. Je, elimu hii ikitumika kuwekea dau, inaiondoa kamari katika ukamari wake?

Fedha hutoka wapi?

Tuanze na namna dau linavyofanya kazi. Katika mfumo ulioanzishwa Paris katika karne ya 19 na Joseph Oller, na ambao umeenea katika viwanja vingi duniani, fedha za wacheza wote huingia katika mfuko mmoja. Mwenye mchezo hukata fungu lake kwanza. Kinachobaki hugawanywa kwa waliomtaja mshindi. Mfuko huo haulimi, haufugi, hausafirishi bidhaa wala haujengi nyumba. Kila shilingi anayoipata mshindi imetoka katika mfuko wa aliyeshindwa.

Hong Kong, kwa dau la kumtaja mshindi, hukatwa asilimia 17.5. Mchezaji wa kawaida akiingia na shilingi 10,000, akawa anaziweka zote pamoja na anachorudishiwa, basi kwa wastani baada ya mbio tano hubaki na takriban 3,820, na baada ya mbio kumi takriban 1,460. Hapo hajadanganywa na mtu. Ni kanuni ya mchezo inayofanya kazi yake.

Kwa hiyo haitoshi kumjua farasi bora. Farasi anayependelewa na wengi hushinda takriban mara moja katika kila mbio tatu, lakini kwa kuwa wengi wamemwekea, malipo yake ni madogo. Ili ufaidike lazima uwazidi wacheza wenzako kwa kiasi cha kufidia lile fungu linalokatwa, kisha ubakiwe na ziada. Na hapo kitabu humgeuka msomaji wake. Siri ikishauzwa kwa maelfu si siri tena: wote watamwendea farasi yule yule, na malipo yatashuka. Alama za kasi za Beyer zilianza kuchapishwa katika gazeti la Daily Racing Form mwaka 1992, na tangu hapo kila mnunuzi wa gazeti alizipata bila kutoa jasho. Benter naye hakutegemea kitabu cha dukani. Alikuwa na kompyuta, kumbukumbu za mbio nyingi, wasaidizi na mtaji; hata hivyo alilazimika kuchanganya hesabu zake na makadirio ya umma ili zisimpotoshe.

Elimu inaongeza mzigo

Sasa tuseme kijana wetu amefaulu na amekuwa mmoja wa wachache wanaopata. Je, chumo lake ni halali kwa kuwa amelitolea jasho la akili? Tumwambie bila kuuma maneno: jasho halihalalishi kila chumo. Akiwa mjinga, alikuwa akipoteza mali yake mwenyewe. Akiwa mjuzi, faida yake ni makosa ya wasiojua, na miongoni mwao yumo baba aliyeweka kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Elimu hii haikuiondoa kamari. Imemwezesha tu kujua anamla nani.

Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Allah (S.W.) hakukanusha kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu. Ameyataja manufaa hayo, kisha akabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi. Basi anayetuonyesha mtu aliyetajirika kwa farasi hajaleta hoja mpya. Na katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, kamari imehesabiwa kuwa uchafu katika kazi za shetani, inayopanda uadui na kuwazuia watu na kumkumbuka Allah na kuswali.

Farasi hana kosa

Isidhaniwe kwamba Uislamu unachukia farasi au mbio zake. Suratul Aadiyaat imefunguliwa kwa kiapo cha farasi waendao mbio. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofunzwa kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasiofunzwa akawawekea masafa mafupi zaidi. Tena hadithi iliyomo katika Abu Daud imeruhusu zawadi katika mbio za ngamia, mbio za farasi na ulengaji mishale.

Maulamaa wamefafanua: zawadi ikitolewa na kiongozi, au na mtu asiyeshindana, hakuna ubaya. Kinachokatazwa, kwa kauli ya wengi wao, ni kila mmoja kutoa chake ili mshindi azoe cha mwenzake. Na mjadala wao wote ulihusu wanaoshindana wenyewe, si mtazamaji aliyeketi kwa mbali akiwekea dau jasho la mnyama asiye wake. Mashindano ya Dubai World Cup, yaliyoanza mwaka 1996, yalikusanya farasi bora wa dunia kwa zawadi za mamilioni ya dola bila ya kuwa na madirisha ya dau uwanjani. Mbio zinaweza kuishi bila kamari.

Nasaha kwa wazazi

Ukikuta kitabu cha namna hii chumbani kwa mwanao, usianze kwa kukichana. Atanunua kingine na atakificha vizuri zaidi. Keti naye, mfanye ile hesabu ya shilingi 10,000 kwa mkono wake, kisha umuulize: hizi 8,540 zimekwenda wapi, na atakayezipata amemfanyia nani kazi gani?

Kama anapenda hesabu, mwelekeze kwenye takwimu, bima ya takaful, utafiti wa kilimo au wa afya. Kama anapenda farasi, Ibn al-Qayyim ameandika kitabu kizima, "Al-Furusiyya", kuhusu mbio, ulengaji na hukumu za zawadi. Akili inayoweza kupima kasi ya farasi ni neema, na siku ya hesabu mwenyewe ataulizwa aliitumia wapi.

Tunamwomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake.